Sauti inakatika, picha inaganda: nini kinasumbua wanaorusha gemu moja kwa moja Bukavu?

Kijana wa Kadutu ananunua mega, anawasha ordinateri na kuanza kurusha mechi ya eFootball moja kwa moja kwenye Facebook ao YouTube. Dakika kumi tu, watazamaji wanaanza kulalamika: sauti inakwaruza, picha imeganda. Anaongeza mega zingine. Tatizo linabaki palepale, na feza imekwenda.

Mara nyingi kosa si la mega, ni la debi, ile wachezaji wanaita bitreti: kiasi cha data mashini inachotuma kila sekunde. Watu wengi wakipima koneksio wanatazama kasi ya kupokea, kumbe anayerusha anahitaji kasi ya kutuma, na kwenye mtandao wa simu hiyo njo ndogo kwa kawaida. Kipimo kikionyesha kilobiti 2 000 za kutuma, usiandike 2 000 ndani ya OBS, ile programu ya bure ambayo wengi wanatumia. Baki kwenye 1 400 hivi, kwa sababu mtandao unapanda na kushuka, zaidi sana jioni wakati kartye nzima iko kwenye antena moja. Picha ya 480 itatosha. Na mfuko utapumua: 1 400 pamoja na sauti ya 128 inakula karibu mega 690 kwa saa, ukiweka 3 000, ni giga 1,4.

Utajuaje kama ni mtandao ao ni mashini? Wakati unarusha, rekodi pia ndani ya ordinateri yenyewe, kisha sikiliza. Rekodi ikiwa safi na watazamaji wanalalamika, tatizo ni mtandao. Rekodi nayo ikiwa mbaya, hata ukinunua giga 10 ni bure: mashini imechoka. Hiyo inatokea sana umeme ukikatika, maana laptop ikibaki kwenye betri inapunguza nguvu yake. Punguza ubora wa picha ndani ya gemu, funga kurasa zingine.

Sauti ina ugonjwa wake, na watu wanaisahau. Mtazamaji anavumilia picha yenye ukungu. Sauti inayokwaruza anaikimbia, sawasawa na msikilizaji wa radio anayegeuza stesheni. Ikiwa sauti inakwaruza ao inazidi kuachana na picha kadiri muda unavyokwenda, tazama herzi: mikro ikiwa kwenye 44 100 na OBS kwenye 48 000, ziweke zote sawa. Ikiwa sauti inachelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, hiyo ni kitu kingine; OBS ina mahali pa kuisogeza kwa milisekunde.

Mwangwi? Mikro inasikia baffle. Vaa ekuta. Mngurumo wa jenereta ya jirani unapunguzwa na chujio la kelele lililomo ndani ya OBS, lakini likikazwa sana linakula mwisho wa maneno. Na unapoongea, mshale wa sauti ucheze kwenye rangi ya njano. Ukigusa nyekundu kila mara, sauti inapasuka, na hakuna debi itakayoirekebisha.