Sakura, Paka, Treni: Darasa la Kijapani na Nchi Iliyozeeka

Mwaka 1974 daktari wa magonjwa ya akili wa Japani, Hasegawa Kazuo, alitunga kipimo kifupi cha kumtambua mzee anayeanza kupoteza kumbukumbu. Kilirekebishwa mwaka 1991, na hadi leo kinatumika katika hospitali na kliniki za nchi hiyo. Mzee anaulizwa ana umri gani. Anaulizwa leo ni tarehe ngapi, ni siku gani, na hapa tulipo ni wapi. Anatajiwa maneno matatu, sakura, paka na treni, na baada ya maswali mengine anatakiwa ayakumbuke. Anatoa saba katika mia moja, kisha anatoa saba tena. Anataja majina ya mboga kadiri anavyoweza. Alama zote ni 30, na anayepata 20 kushuka chini hutiliwa shaka.

Mtu aliyekaa miezi michache tu katika darasa la Kijapani anaweza kujibu karibu maswali yote hayo. Umri, tarehe, siku za juma, hesabu, mboga, paka: hayo ndiyo masomo ya mwanzo kabisa. Kijapani anachokishika mgeni katika muhula wake wa kwanza ndicho anachopimwa nacho mzee ambaye kumbukumbu zinamtoka. Na Hasegawa mwenyewe, mwaka 2017, akiwa na miaka 88, aliutangazia umma kwamba naye ameupata ugonjwa alioutafiti maisha yake yote. Alifariki Novemba 2021.

Ningepewa nafasi ya kupanga mtaala, ningeanza na kipimo hicho. Katika madarasa mengi suala la uzee huja kwa kuchelewa, katika ngazi ya kati, tena huja likiwa limevaa takwimu. Na takwimu zenyewe ni nzito kweli. Mwaka 1970 Wajapani wenye miaka 65 na zaidi walifikia asilimia 7 ya watu wote. Mwaka 1994 walikuwa asilimia 14. Safari ambayo Ufaransa iliimaliza kwa zaidi ya karne moja, Japani iliimaliza kwa miaka 24. Septemba 2024 wazee hao walikuwa asilimia 29.3, watu zaidi ya milioni 36. Waliotimiza miaka mia moja walikuwa 153 mwaka 1963. Mwaka 2024 walikuwa 95,119. Mwaka huohuo wa 2024 walizaliwa watoto 686,061 tu wa Kijapani, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 120.

Mwanafunzi anasoma grafu, anajifunza kusema “idadi inaongezeka” na “nguvukazi inapungua”, anaandika insha ya aya nne, anapata alama zake. Sarufi ameipata, lakini hajakutana na mzee hata mmoja. Alichoondoka nacho ni wazo kwamba mtu akishapita miaka 65 anakuwa mzigo unaopimwa kwa asilimia. Naliona hilo kuwa kosa kubwa la ufundishaji, kwa sababu wengi wa wanafunzi hao wakifika Japani watazungumza na wazee kuliko na vijana.

Mwanafunzi kutoka kwetu Afrika Mashariki ana kazi ya ziada. Anatoka mahali ambapo nusu ya watu hawajafikisha miaka 20, anasoma habari za nchi ambayo nusu ya watu wamekaribia au wamepita 50. Kijiji kisicho na mtoto hawezi kukiwazia. Afadhali aonyeshwe Nagoro, katika bonde la Iya kisiwani Shikoku, ambako mama mmoja ametengeneza midoli yenye ukubwa wa binadamu kujaza nafasi za waliokufa na waliohama. Shule ya hapo ilifungwa mwaka 2012. Madarasani sasa imekaa midoli. Picha moja ya darasa lile itazua mazungumzo kuliko grafu kumi.

Lakini mwalimu ajiandae kwa hukumu itakayofuata. Kijana wa Kiswahili atasema upesi: “Wajapani wanawatupa wazee wao. Sisi kwetu mzee halali peke yake.” Kauli hiyo isiachwe ipite hivihivi. Kwa vizazi vingi mzee wa Kijapani alihudumiwa nyumbani, na aliyemhudumia alikuwa mke wa mtoto wake wa kiume, bila mshahara na bila mapumziko. Mwaka 1972 mwandishi Ariyoshi Sawako alichapisha riwaya kuhusu mwanamke mwenye ajira yake anayemuuguza baba mkwe aliyepoteza kumbukumbu. Kitabu kiliuzwa zaidi ya nakala milioni moja, maana nyumba nyingi zilijiona mle ndani. Tuulizane kwa ukweli: huyo “mzee wetu asiyelala peke yake” nani anamwogesha, nani anafua mashuka yake, nani aliacha kazi mjini akarudi kumtazama? Mara nyingi ni binti au mkwe, na hakuna anayemuuliza kama ameridhika.

Japani ilijibu swali hilo kwa sheria. Tangu Aprili 2000 kuna bima ya utunzaji, ambayo kila mkazi aliyefikisha miaka 40 anaichangia. Nusu ya gharama hutoka kwenye michango na nusu kwenye kodi. Mzee akianza kushindwa, manispaa humtuma mtu nyumbani na dodoso lenye vipengele 74. Anaweza kujigeuza kitandani? Anaweza kuinuka mwenyewe? Kukata kucha? Kumeza? Kuvaa suruali? Anajua sasa ni majira gani ya mwaka? Kisha hupangwa katika mojawapo ya ngazi saba, mbili za msaada na tano za utunzaji, na kwa ngazi hiyo anapata mhudumu wa kumjia nyumbani, au kituo cha kushinda mchana ambako ataoga na kula na wenzake, au kitanda katika makao ya wazee. Yeye hulipa asilimia 10 ya gharama, na mwenye kipato kikubwa hadi asilimia 30. Dodoso hilo ni hazina kwa mwalimu wa lugha. Vitenzi vyote vya mwili vimo, na kila kitenzi kina mtu nyuma yake.

Kuna sababu nyingine ya kulitilia mkazo somo hili: ajira. Wahudumu wa kwanza wa wazee chini ya mikataba ya kiuchumi walitoka Indonesia mwaka 2008, wakafuata Wafilipino na baadaye Wavietnamu. Wengi walikwama kwenye mtihani wa taifa, si kwa kutojua kazi bali kwa ugumu wa kanji (herufi zenye asili ya Kichina) za kitabibu. Tangu 2013 watahiniwa hao wanapewa karatasi yenye matamshi juu ya kanji na muda ulioongezwa. Mwaka 2019 ilianzishwa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, na mwaka 2024 serikali iliweka ukomo wa watu 135,000 katika sekta ya utunzaji kwa miaka mitano. Makadirio ya serikali hiyo yanasema mwaka 2040 watahitajika wahudumu milioni 2.72, laki tano na elfu sabini zaidi ya waliokuwapo 2022. Vijana wa Afrika Mashariki wanaoipigia hesabu nafasi hiyo wapo, na wana haki ya kuandaliwa sawasawa.

Kuandaliwa kwenyewe kuna mambo ambayo vitabu huyapita. Mtoto aliyelelewa kuamkia “shikamoo” na kumwita kila mwanamke mzee “bibi” atadhani anatoa heshima akimwita mkazi wa makao “obaasan”. Wahudumu wa huko hufundishwa kumwita mkazi kwa jina la ukoo wake na kiishio cha “san”, kwa kuwa yule si bibi wa mtu aliyeajiriwa jana. Ni mtu mwenye jina, huenda alikuwa mwalimu mkuu au mwenye duka. Halafu kuna lahaja. Kitabu kinafundisha Kijapani cha Tokyo, ilhali mzee wa magharibi mwa mkoa wa Aomori anaongea Kitsugaru, ambacho hata Mjapani wa Tokyo hukipata kwa shida. Ni sawa na mtu aliyesomea Kiswahili sanifu akashushwa Makunduchi, Unguja, kwa wazee wenye lahaja yao. Anahitaji kuzoezwa kusikiliza, kuomba arudiwe, na kutoona haya.

Katika kusikiliza, mfano bora ninaoujua ni wa Muguruma Yumi. Alikuwa mhadhiri wa masuala ya mila na desturi katika chuo kikuu, akaacha kazi hiyo akaenda kuhudumia wazee mkoani Shizuoka. Kule aligundua kwamba kila aliyemwogesha au kumlisha alikuwa na historia ambayo hakuna mtafiti aliyewahi kuiandika. Akaanza kuuliza na kuandika, na mwaka 2012 akatoa kitabu kuhusu kazi hiyo. Kwake mzee akawa mwalimu, na mhudumu akawa mwanafunzi. Sioni namna bora zaidi ya kupanga somo la lugha kuliko hiyo.

Yasiyopendeza nayo yafundishwe. Polisi wa Japani wamehesabu watu 76,020 waliofia nyumbani peke yao mwaka 2024, na 58,044 kati yao walikuwa na miaka 65 au zaidi. Wapo wazee wa miaka 80 wanaowalisha kwa pensheni yao watoto wa miaka 50 waliojifungia vyumbani. Wapo waume wa miaka 85 wanaowauguza wake wa miaka 83. Mwanafunzi ayajue haya kabla hajapanda ndege, na ayazungumze kwa adabu ya mtu anayeongea juu ya nyumba ya jirani yake.

Mtihani wa kimataifa wa Kijapani, ambao Nairobi hufanyika mwezi wa Desemba, unapima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza. Hauna sehemu ya kuzungumza. Mtu anaweza kuupasi bila kumuuliza mzee hata swali moja, kwa hiyo kazi hiyo inabaki kwa mwalimu. Na wazee wa kuulizwa tunao. Japani ilianza kuleta vijana wake wa kujitolea Kenya mwaka 1966, wakafundisha, wakachimba visima, wakatengeneza mitambo, huko na Tanzania. Wale wa kundi la mwanzo sasa wako kwenye miaka ya themanini, nao walipokuja kwetu ndio waliokuwa wanafunzi wa lugha. Walimu wa Kijapani, watafuteni kupitia vyama vyao na ubalozi, muwaunganishe na madarasa yenu kwa simu ya video, muwaache wanafunzi waulize, wakati wazee hao bado wapo.