Ulinunua Mitetea, Ukaamshwa na Majogoo

Wahenga walisema kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Lakini, ndugu msomaji, yuko jogoo mmoja awikaye mjini bila haya: ni yule uliyeuziwa kwa jina la mtetea. Alipokuwa kifaranga wa siku moja alilia kama wenziwe, akala kama wenziwe, nawe ukampigia hesabu ya mayai ya kusaidia karo na mboga. Miezi mitatu baadaye, alfajiri moja, banda likakuamsha kwa sauti usiyoitarajia.

Kwa familia inayoishi kwa mshahara, hilo si jambo la kuchekesha. Tembe wa mbegu ya mayai huanza kutaga afikapo majuma 18 hadi 20, na kufikia hapo amekwisha kula kilo 6 hivi za chakula. Pora wa mbegu hiyo naye hula bila kupumzika, wala hatagi, wala hanenepi upesi kama kuku wa nyama. Ndiyo maana mnunuzi huenda dukani amefura kwa hasira, muuzaji naye akamjibu kwa ukali, na watu waliokuwa wakisalimiana vizuri wakaanza kupishana njia.

Kabla hujafika huko, yafaa ujue jinsi vifaranga wanavyotenganishwa. Kuku wengi wa mayai wa rangi ya kahawia hujitambulisha wenyewe siku ya kwanza: majike huwa na rangi ya kahawia, na madume huwa weupe au manjano hafifu. Mbegu nyingine hutambuliwa kwa urefu wa manyoya machanga ya bawa. Zisizo na alama hizo hutenganishwa kwa ufundi ulioanzia Japani katika miaka ya 1920, ambao mtaalamu humbonyeza kifaranga taratibu na kutazama kijinundu kidogo sana katika tundu lake la haja. Hata fundi hodari wa kazi hiyo hukosea vifaranga wawili hivi katika kila 100.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa shahidi wako. Ukinunua mitetea 100 ukakuta majogoo wawili au watatu, hilo ni kosa la mkono wa binadamu. Usimwite mtu mwizi kwa sababu hiyo. Ukikuta 45 au 50, yamkini vifaranga hao hawakutenganishwa kamwe, kwa maana maumbile huwagawa karibu nusu kwa nusu. Na wakiwa karibu wote ni majogoo, basi kuna dalili kwamba uliuziwa wale waliokwisha kutengwa, ambao thamani yao ni ndogo mno. Lakini kama uliambiwa tangu mwanzo kuwa ni mchanganyiko, kama ilivyo kawaida kwa chotara wengi wa nyama na mayai, huna la kudai.

Basi kesi yako huanza siku ya kununua. Fungua boksi mbele ya muuzaji, uwatazame vifaranga. Mwulize ni mbegu gani, na majike wake hutambulikaje. Kisha mwombe aandike katika risiti neno “mitetea”, pamoja na idadi, aina na tarehe. Risiti isemayo “vifaranga 100” tu haitakusaidia siku ya mabishano. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuanzia juma la sita, chunguza banda lako. Pora huanza kuonyesha upanga wa kichwani ulio mkubwa na mwekundu kuliko wa wenzake; baadaye manyoya ya shingoni na kiunoni huchongoka. Ukiona wamezidi, usingoje wawike. Mpe muuzaji taarifa mara moja, kwa maandishi ikiwezekana. Mwombe afisa mifugo wa kata awahesabu na kuandika alichokiona. Wala usiwachinje wala kuwauza kabla ya hesabu hiyo, maana ukishawala, umeula ushahidi.

Unapokwenda kudai, nenda asubuhi, pasipo umati, ukiwa na risiti na hesabu yako. Kumbuka kwamba huenda wakala naye alidanganywa na aliyemletea. Taja unachotaka: urudishiwe tofauti ya bei, au upewe mitetea wengine wa kufidia, pamoja na sehemu ya gharama ya chakula. Toa katika dai lako thamani ya nyama ya majogoo utakaowauza. Dai la haki husikilizwa upesi. Mkipatana, andikeni.

Akikataa katakata, sheria haijakuacha yatima. Nchini Tanzania, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, yataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Aliyesema “mitetea” amefungwa na neno lake, hata kama hakukusudia kudanganya. Lakini sheria hiyo haimpendi mzembe: ukikaa na mali kwa muda mrefu bila kulalamika, waweza kupoteza haki ya kuirudisha, ukabaki na haki ya fidia tu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo yakataza kumpotosha mnunuzi, na malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani. Mahakama iwe hatua ya mwisho, kwa kuwa nauli na siku za kazi zitakazopotea nazo ni gharama.

Hatuna budi, sisi tunaofuga uani ili kuongeza pato la nyumba, kuacha aibu ya kuuliza na kuandikiana. Muuzaji mwaminifu hataudhika ukimwomba aandike neno moja katika risiti. Akisitasita, funga mkoba wako, umuage kwa adabu, ukatafute vifaranga kwingine.