Tina Si Soda

Jirani yangu hapa Namtumbo alipaka rangi pikapu yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza, nyuma ya jiko. Rangi ilikaa vizuri. Lakini mtoto wake wa miaka mitatu alikunywa tina iliyowekwa katika chupa ya soda.

Nilipoitwa, nilikuta mama amemtia mtoto kidole kooni ili atapike. Ndugu zangu, hapo ndipo wengi hukosea. Tina ni nyepesi kama mafuta ya taa. Mtoto akitapika, huingia mapafuni kwa urahisi na kuleta nimonia. Usimtapishe. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni, kisha mkimbize zahanati pamoja na chupa yenyewe. Hata kama anacheza, mpeleke, maana kikohozi na kuhema upesi huweza kuanza baada ya saa kadhaa. Huyu alikohoa siku nne, akapona.

Na mpakaji je? Rangi inayochanganywa na dawa ya kuikausha mara nyingi huwa na isosayaneti, kemikali iletayo pumu. Kitambaa cha puani hakizuii mvuke wake. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye vifaa. Rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, basi piga msasa kwa maji, usiisugue kavu. Jiko la mkaa liwe mbali, kwani mvuke wa tina hutambaa chini na kushika moto.

Jirani sasa huweka tina katika kopo lake la dukani, juu kwenye kenchi.