Kupinda na Kukatika: Vitenzi vya Fundi Baiskeli

Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo baiskeli huitwa pia kinga. Kati ya Kasongo na Kabambare kinga ni gari la mizigo: hubeba magunia na madumu ya mawese, na penye kilima mwenyewe hushuka akaisukuma. Kipuri kikishindwa hapo, anayeumia ni mtu na mali yake pamoja.

Mafundi hutenganisha vitenzi ambavyo sisi darasani huvichanganya. Usukani uliopinda bado unaongoza. Uliokatika hauongozi tena. Chuma laini hupinda kwanza. Hata chuma kibaya, ambacho hukatika hasa penye kuchomelewa, mara nyingi hutanguliza dalili: ufa kwenye rangi, au mlio. Fundi akiiona mapema, hukichomelea.

Nyuzi za kaboni, ambazo sasa duniani huuzwa hata kwa bei ndogo, zina tabia nyingine. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi iliyokaushwa kwa joto ndani ya kalibu. Nguvu yake hutegemea mwelekeo wa nyuzi, idadi ya tabaka, na kutokuwepo kwa mapovu ya hewa. Vyote vitatu hufichwa na vanishi. Kwa hiyo kipuri kibaya na kizuri hufanana machoni. Kikigongwa, au skrubu ikikazwa mno, tabaka hubanduka ndani kwa ndani. Siku nyingine kipuri hukatika ghafla bila kupinda. Wala hakichomelewi kama chuma.

Ndiyo maana viko vipimo vya kimataifa, ISO 4210, ambavyo hutaka fremu, usukani na uma wa mbele vibebeshwe mzigo tena na tena, mara maelfu, kabla ya kuuzwa. Lakini maandishi juu ya kipuri si kipimo: yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuyaandika.

Sijaona usukani wa kaboni sokoni Kasongo, ila chuma chembamba chenye rangi ya kung'aa nimekiona, na swali lake ni lilelile. Neno letu "rahisi" hubeba maana mbili, bei ndogo na wepesi wa kufanya, na muuzaji hutupa ile ya kwanza tu. Kabla ya kulipa, mwulize fundi, si muuzaji: hiki kikishindwa, kitapinda au kitakatika?