SAFU: TREI YA MAYAI NDANI YA KOMPYUTA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilidhani methali hii ni ya wenye maduka tu, mpaka nilipopewa kazi ya kuweka hesabu ya safari ya chama chetu. Wanachama tulikuwa 40 na kila mmoja alitakiwa kutoa shilingi 200.

Kwa kuwa nasoma somo la kompyuta nikasema, ah, daftari la nini? Nitaandika programu kwa lugha ya Python. Basi nikaanza: mwanachama1 ni fulani, mwanachama2 ni fulani, hadi mwanachama40. Vidole viliniuma! Isitoshe, ili kuchapisha majina hayo ilinibidi niandike amri arobaini. Mwalimu aliponiona alicheka.

"Ukitumwa mayai thelathini dukani, utayabeba mkononi moja moja?"

"La, mwalimu. Nitabeba kwa trei."

"Basi hata kompyuta ina trei yake."

Trei hiyo ndiyo safu. Safu ni jina moja linalobeba vitu vingi vilivyopangwa kwa mfuatano, na kila kitu kina nambari ya mahali pake. Katika Python tunatumia orodha kwa kazi hii, nayo huandikwa hivi:

michango = [200, 200, 150, 200]

Neno "michango" ndilo jina la trei. Nikitaka yai moja, nataja jina na nambari. Nikiandika michango[2] napata 150. Naam, hukusoma vibaya! 150 ni ya tatu lakini nambari yake ni 2, kwa sababu Python huanza kuhesabu na sifuri. Mbona? Nambari hiyo haiulizi "ni ya ngapi?" Inauliza "ni hatua ngapi kutoka mwanzo?" Ya kwanza iko pale pale mwanzoni, haijapiga hatua yoyote, kwa hivyo ni sifuri. Si lugha zote zifanyazo hivi. FORTRAN, iliyotolewa mwaka wa 1957, kwa kawaida huanza na moja kama sisi.

Faida ya safu huonekana unapoiunganisha na amri ya kurudia:

for jina in wanachama:
    print(jina)

Mistari miwili tu! Hata wanachama wakifika 400, mistari ni hiyo hiyo.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Kabla sijajua njia hiyo fupi, nilitumia nambari. Niliandika range(1, 40) nikidhani kompyuta itahesabu kuanzia moja hadi arobaini kama mimi. Siku moja kabla ya safari nikabandika ukutani majina ya waliolipa. Jina la msichana aliye wa kwanza katika orodha yetu halikuwepo. Alinijia machozi yakimlengalenga.

"Jameni, mimi nililipa kabla ya wote!"

Wengine wakaanza kunong'ona ati ni mwongo. Nami, bila haya, nikamwambia kwamba kompyuta haikosei.

Mwalimu akaamuru pesa zihesabiwe. Zilikuwa shilingi 8,000 kamili. Majina ukutani yalikuwa 39, yaani shilingi 7,800. Hizo 200 zilitoka wapi? Nilijikuna kichwa, kisha nikaona. Hiyo range(1, 40) huanza na nambari 1, ambaye ni mtu wa pili, na huishia 39, ambaye ndiye wa arobaini. Mwenye nambari sifuri alirukwa. Kompyuta haikulalamika hata kidogo kwani ilifanya nilivyoiambia. Mkosaji nilikuwa mimi, na nilimwomba msamaha mbele ya wote. Kesho yake alipanda basi pamoja nasi.

Kwa hivyo msomaji, ukiwa na vitu vingi vya aina moja, iwe ni alama za mtihani au bei za dukani, viweke katika safu, usivipe majina arobaini. Kisha, kabla hujamwambia mtu hakulipa, andika len(wanachama) uone ni wangapi, ulinganishe na majina yaliyochapishwa. Mimi nimejifunza. Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kwaheri ya kuonana!