Kabla ya Kununua Bunduki ya Upepo kwa Sababu ya Panya

Mavuno yakishaingia nyumbani, panya nao huingia. Wakazi wengi wa Kaunti ya Kilifi wanaijua hali hiyo: gunia limetobolewa pembeni, mahindi yamemwagika sakafuni, na usiku kuna mbio darini. Nje, kunguru hunyakua vifaranga na tumbili hawaachi embe likaiva. Katika hasira hiyo, baadhi ya wakazi huuliza kama wanaweza kununua bunduki ndogo ya upepo, ile nyepesi inayoonekana kwenye simu ikitangazwa kuwa zana ya kufukuza wasumbufu wa nyumbani.

Swali hilo ni la haki, kwa sababu chakula kinachopotea ni cha familia. Lakini jibu lake lina sehemu mbili ambazo kila mkazi anapaswa kuzijua kabla ya kutoa pesa. Kwanza, nchini Kenya bunduki ya upepo ni jambo la sheria ya silaha, na huwezi kuichukua dukani kama jembe. Pili, hata kwa mwenye kibali, panya hawaishi kwa kupigwa mmoja mmoja. Kinachowamaliza ni kukosa chakula na mahali pa kulala.

Bunduki ya upepo ni nini

Bunduki hii haitumii baruti. Kuna aina inayokunjwa mtutu ili kukaza springi. Mtumiaji akifyatua, springi husukuma hewa nayo hewa husukuma risasi ndogo. Kuna aina nyingine yenye mtungi wa hewa iliyoshindiliwa kabla. Risasi zake mara nyingi ni za madini ya risasi, zenye upana wa milimita 4.5 au 5.5.

Kwa kuwa haina baruti na haina kishindo kikubwa, wengi huidhani kuwa mchezo wa watoto. Sivyo. Bunduki nyingi za aina hii hurusha risasi kwa kasi inayozidi mita 150 kwa sekunde, na kasi ndogo kuliko hiyo yatosha kutoboa ngozi ya mtu. Jicho likipigwa, mara nyingi haliponi. Risasi ikikosa panya haifi papo hapo: hugonga jiwe au bati ikarudi, au huvuka ua na kuingia kwa jirani.

Wepesi wake, ambao ndio husifiwa kwenye matangazo, una pande mbili. Bunduki ya kilo mbili na nusu haichoshi mkono, lakini ile ya springi ikiwa nyepesi hutikisika zaidi inapofyatuliwa, na mlengaji hukosa shabaha kwa urahisi. Tena, kitu ambacho mtu mzima anakiinua bila shida, hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kukiinua.

Sheria inasemaje

Silaha za moto husimamiwa na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo hutazama uwezo wa chombo: chenye mtutu, kinachoweza kurusha risasi au kitu kingine, na kinachoweza kuua. Kukosa baruti peke yake hakumwondoi mtu chini ya sheria hiyo. Kwa sababu hiyo, mkazi asijiamulie mwenyewe kwamba bunduki yake ni “ya upepo tu”. Aichukulie kuwa silaha inayohitaji cheti, na aulize Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha kabla ya kulipa chochote.

Cheti hutangulia ununuzi. Mwombaji hutakiwa kuwa na sababu ya kutosha, na sheria inazuia cheti kupewa mtu mlevi, mtu asiye na akili timamu au mtu yeyote asiyefaa kukabidhiwa silaha. Kuwa na silaha bila cheti ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu gerezani.

Hapa ndipo wanunuzi wa mtandaoni huponzwa. Video nyingi zinatoka Uingereza na Marekani. Kule Uingereza, kwa mfano, mtu mzima katika England anaweza kuwa na bunduki ya upepo ya nguvu ndogo bila cheti, na sheria imeweka kipimo cha nguvu hiyo. Anayesema kwenye video kwamba bunduki haihitaji leseni husema kweli kwake, lakini sheria yake haimfuati mnunuzi aliye Malindi au Kaloleni. Kuingiza silaha nchini nako kunahitaji kibali, kwa hivyo kifurushi kinaweza kuzuiliwa forodhani na mwenye jina lililoandikwa juu yake akaitwa kujieleza.

Mkazi ambaye tayari ana bunduki ya aina hii bila cheti asiiuze, asimpe jirani wala asiizike shambani. Afike kituo cha polisi kilicho karibu, atoe taarifa na aombe maelekezo kabla ya kuibeba popote.

Kunguru na tumbili wana utaratibu wao

Wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Tumbili anayekula maembe bado ni mnyamapori, na kumuua bila idhini ni kosa. Mkazi anayesumbuliwa na tumbili, nyani au wanyama wengine wa porini anatakiwa kupeleka taarifa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Kunguru wa Kihindi ni habari nyingine. Ndege huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa Pwani. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, na akaonekana Mombasa mwaka 1947. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, huiba vifaranga na huchafua masoko. Mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja kwa kutumia sumu maalumu inayowekwa na watu waliofunzwa na kuidhinishwa. Hiyo haikuwa ruhusa kwa kila mtu kuwawinda. Isitoshe, kunguru ni ndege mwerevu: akiona mwenzake amepigwa, humkumbuka aliyempiga na mahali alipopigiwa, akakaa mbali na mtutu na kurudi mwenye nyumba akiondoka. Kwa mfugaji, banda lenye wavu juu kwa wiki za kwanza za kifaranga ni kinga ya uhakika zaidi. Kufunika taka, matumbo ya samaki na mabaki ya nyama huwanyima sababu ya kuja.

Kwa nini risasi haimalizi panya

Panya jike hubeba mimba kwa takriban wiki tatu, huzaa watoto kadhaa kwa mkupuo, na watoto hao huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi. Anayekaa macho usiku kucha na kuua wawili amepunguza walaji wawili, na nafasi yao itajazwa kabla ya mwezi kwisha.

Hesabu ya hasara ni rahisi kupiga. Panya mkubwa hula gramu 20 hivi za nafaka kwa siku. Nyumba yenye panya ishirini hupoteza gramu 400 kila siku, sawa na kilo 12 kwa mwezi. Kwa miezi minne hizo ni kilo 48, zaidi ya nusu ya gunia la kilo 90. Hapo hazijahesabiwa punje zilizokojolewa, zilizochanganyika na mavi au zilizotafunwa nusu. Mkojo wa panya hueneza ugonjwa wa leptospirosisi, unaoanza kwa homa na maumivu ya misuli na unaoweza kuharibu figo na ini.

Mambo matano yanayofanya kazi

Kwanza, linda ghala. Kama ghala ni la miguu, liinuliwe mita moja kutoka ardhini, na kila mguu uvishwe bati lenye umbo la faneli lililoelekezwa chini. Panya hupanda mguu, hufika kwenye bati na kushindwa kulipita. Ngazi iondolewe kila baada ya matumizi, na matawi yasiguse paa. Anayehifadhi kwenye lutsaga juu ya jiko, moshi humsaidia dhidi ya fukusi, lakini panya hupita kwenye kuta na nguzo. Nguzo hizo nazo zinaweza kuvishwa bati. Mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu wa nafaka, ila panya huitafuna, kwa hivyo iwekwe ndani ya pipa la bati au juu ya vichanja vilivyo mbali na ukuta. Silo la bati lenye kifuniko huzuia wadudu na panya kwa pamoja.

Pili, ziba matundu. Panya mdogo wa nyumbani hupenya kwenye tundu la milimita 6, yaani upana wa penseli. Udongo mtupu hautoshi kwani huuchimba tena. Shindilia kwanza waya wa kusugulia sufuria, kisha saruji au udongo juu yake. Madirisha ya ghala yawekewe wavu wa waya wa matundu madogo.

Tatu, tega kwa wingi. Mtego mmoja katikati ya sakafu haukamati kitu, kwani panya hutembea akiambaa ukuta. Weka mitego ya kubana sita au zaidi, upande wa chambo ukigusa ukuta. Panya huogopa kitu kigeni, kwa hivyo acha mitego ikiwa na chambo bila kuitega kwa siku tatu, kisha itege yote usiku mmoja. Nazi iliyochomwa na dagaa mkavu ni chambo kizuri. Usimguse panya aliyekufa kwa mkono mtupu. Tumia mfuko wa plastiki au glavu, mzike, kisha lowesha mahali hapo kwa maji yenye klorini kabla ya kufagia.

Nne, sumu iwe ya mwisho na iwe halali. Nunua kwa muuzaji wa pembejeo mwenye leseni, na uhakikishe lebo ina nambari ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu, PCPB. Sumu nyingi za panya zilizosajiliwa huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku kadhaa. Mtoto akila sumu ya aina hiyo, hospitali ina tiba, ambayo ni vitamini K, mradi apelekwe upesi pamoja na pakiti yake. Unga au punje zinazouzwa barabarani kwenye karatasi zisizo na lebo hazina msaada huo: daktari hawezi kujua mgonjwa amekula nini. Sumu iwekwe ndani ya kisanduku au bomba ambalo kuku na watoto hawafikii, kamwe si kwenye sahani ya nyumbani. Mizoga izikwe, la sivyo paka na bundi wanaokula panya watakufa nao.

Tano, fanyeni pamoja. Nyumba moja ikisafisha na ya jirani ikabaki na kichaka na lundo la vifuu, panya huhama kwa wiki mbili kisha hurudi. Wakati mzuri wa kijiji kizima kufyeka, kuziba na kutega ni wiki chache kabla ya mavuno ya mvua za masika, ghala likiwa tupu na panya wakiwa na njaa.

Wenye minazi wanaweza kuongeza jambo moja: ukanda wa bati wenye upana wa sentimita 30 hadi 40 ukizungushwa kwenye shina, mita mbili kutoka ardhini, humzuia panya kupanda. Hufaa tu kama makuti ya mnazi huo hayagusani na ya mnazi mwingine.

Nani aulizwe nini

Wakazi wengi huzunguka ofisi nyingi kwa sababu kazi hizi zimegawanywa na Katiba ya mwaka 2010. Kilimo, afya ya msingi na udhibiti wa magonjwa ya mimea na mifugo ni majukumu ya kaunti. Kwa hivyo panya ghalani, uhifadhi wa nafaka na ushauri kuhusu sumu hupelekwa kwa afisa wa kilimo wa wadi, na homa inayoshukiwa kutokana na panya hupelekwa kwenye zahanati au kituo cha afya. Polisi na leseni za silaha ziko chini ya serikali ya kitaifa, na masuala ya wanyamapori hushughulikiwa na KWS. Ofisi ya kaunti haina mamlaka ya kutoa kibali cha bunduki ya aina yoyote, na mtu anayedai kukiuza kwa jina la kaunti aripotiwe.

Ushauri wa afisa wa kilimo wa wadi hautozwi ada. Mkazi anayefikiria kutumia akiba yake kwa bunduki anashauriwa kumwita kwanza akague ghala. Mara nyingi mabati machache, saruji kidogo na mitego sita vitaokoa mahindi mengi zaidi, na hakuna mtoto atakayejeruhiwa.