Pikipiki: Shule ambako wanaojua kuendesha hurudi kujifunza kona

Kila mwaka, watu wenye permi na wenye kuendesha pikipiki tangu zamani hulipa mamia ya dola ili wafundishwe kitu wanachodhani wanakijua: kukata kona. Wanafanya hivyo kwenye viwanja vya mashindano, mbali na magari na watembea kwa miguu. Wengi wao hawana nia ya kushindana. Wanataka kurudi nyumbani wakiwa wazima.

Moja kati ya shule zinazojulikana sana kwa kazi hiyo ni California Superbike School, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 1980 na Keith Code. Kati ya waliopitia mikononi mwake ni Wayne Rainey, aliyekuwa bingwa wa dunia wa pikipiki za 500cc mara tatu mfululizo, mwaka 1990, 1991 na 1992.

Siku ya masomo imegawanywa katika mizunguko ya dakika kama 20. Kabla ya kila mzunguko, wanafunzi huketi darasani na kupewa somo moja tu. Kisha wanaingia kiwanjani, mwalimu akiwafuata kwa pikipiki yake, na wakitoka anaketi na kila mmoja kumweleza alichoona. Mara nyingi mzunguko wa kwanza hufanyika kwa vitesi moja, bila kugusa freni. Hapo mtu analazimika kuchagua mwendo wake mapema, kabla kona haijamfikia.

Woga unaoangusha

Fundisho kubwa la Code linahusu woga. Mwendeshaji akijiona ameingia kwenye kona kwa mwendo mkali kupita kiasi, mwili unajiamulia wenyewe: mkono unafunga gazi ghafla, vidole vinakaza gidoni, macho yanaganda kwenye kile anachoogopa, iwe shimo, ukuta au lori.

Mwili unadhani unajiokoa. Lakini gazi ikifungwa ghafla, uzito unaenda mbele, tairi la mbele linaelemewa, na pikipiki inatanua njia yake kuelekea nje ya kona. Mikono iliyokazwa inaizuia pikipiki kujisawazisha. Na mahali macho yalipoganda, ndipo pikipiki inapokwenda.

Ndiyo maana somo la kwanza kabisa ni gazi: mtu akishaanza kuifungua ndani ya kona, aendelee kuifungua polepole, bila kushtua, hadi atoke. Masomo yanayofuata yanahusu kuchagua mapema mahali pa kuanzia kona, kuilaza pikipiki kwa mara moja bila kusitasita, kulegeza mikono, na kupeleka macho kule mtu anakotaka kufika. Wengine hugundua hapo jambo walilokuwa wakilifanya miaka yote bila kujua: ili pikipiki ilale kushoto, mkono wa kushoto ndio unaosukuma gidoni mbele.

Code anafananisha akili ya mwendeshaji na noti ya dola 10. Anayeanza anatumia karibu noti nzima kwa freni na vitesi, hana chenji ya kuangalia barabara. Kadiri mazoezi yanavyozoeleka, yanapungua bei, na pesa inayobaki inanunua utulivu.

Kutoka kiwanjani hadi mteremkoni

Mwendeshaji wa teksi-moto anayeteremka vilima vya Bukavu baada ya mvua, nyuma amebeba abiria wawili na mfuko wa muhogo, anaujua woga huo vizuri kuliko wengi. Wengi katika kazi hiyo walijifunza kwa pikipiki ya rafiki, na siku chache baadaye walikuwa wamekwisha kubeba watu. Kona waliachiwa wajifunze wenyewe, na abiria mgongoni.

Si kila kitu cha kiwanjani kinafaa barabarani. Kiwanjani wote wanakwenda upande mmoja, lami ni safi, hakuna mbuzi wala mtoto anayekatiza. Kulaza pikipiki namna ile kwenye matope au changarawe ni kutafuta kuanguka. Tena hakuna ujuzi unaoondoa hatari yote: Rainey mwenyewe alianguka huko Misano, Italia, tarehe 5 mwezi wa tisa mwaka 1993, akapooza kuanzia kifuani kwenda chini.

Lakini kupunguza mwendo kabla ya kona na siyo ndani yake, kulegeza mikono, kutoganda macho kwenye shimo: hayo hayahitaji pikipiki ya mashindano wala dola. Yanahitaji kiwanja kitupu asubuhi, kaske kichwani, mwendo mdogo, na siti ya nyuma bila mtu. Abiria apande baadaye, mkono ukiwa umekwisha kuzoea.